Paji la Kimberly

Mfereji ulitokea Jumatano asubuhi, Wariara akinawa uso kwa beseni nje ya nyumba yao huko Laini Nane, safu ya nyumba za vibarua wa shamba, upande wa Rongai. Sabuni ilituama kwenye paji la uso, ikakataa kusuuzika. Alipopapasa alikuta mfereji wa upana wa vidole viwili, kutoka panja hadi panja. Mamake, Mugure, aliacha kuchochea moto akaja kuutazama.

"Umekufikia," akasema. "Paka mafuta, usikauke."

Mugure alikuwa na wake, na wake aliupata kihalali. Kwa miaka thelathini alibeba maji na kuni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso na kushikilia mzigo mgongoni. Wariara hakuwahi kuuvaa hata siku moja. Mugure alikuwa ameapa kwamba mtoto huyu atabeba vitabu pekee, na kiapo alikitimiza. Lakini Wariara aliitwa jina la mama ya babake, aliyembebea mzungu pareto kwenye shamba hilohilo mpaka akazikwa na alama usoni. Watu wa Laini Nane walisema mzigo umefuata jina, na hakuna aliyebisha.

Siku hiyo Wariara alikuwa na mahojiano ya kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini Nakuru. Alifunga kitambaa kufunika paji. Meneja alimwomba akifungue, akautazama mfereji kwa heshima zote.

"Wewe ni wa zile laini, sivyo? Reception imejaa. Lakini laundry wanatafuta mtu wa kubeba mashuka."

Chuoni, Wariara alikokuwa mwaka wa kwanza, mwalimu Kipng'eno alikuwa akifundisha utangulizi wa sosiolojia, na wiki hiyo mada ilikuwa jinsi jamii inavyomuunda mtu kabla hajajiunda mwenyewe. Alimsimamisha Wariara mbele ya darasa.

"Mnaona? Hii si bahati mbaya ya Wariara. Hii ni structure."

Wanafunzi waliandika. Mmoja aliuliza kama itakuja kwa mtihani, akaambiwa itakuja.

"Mwalimu, na inaondolewa aje?" Wariara akauliza.

"Hiyo iko second year."

Mwaka wa pili ulimkuta na mimba, na aliyempa mimba hakuonekana tena. Wariara alirudi Laini Nane akajifungua msichana mwenye paji laini kama ganda la yai. Kwa kuwa hakukuwa na baba wa kumpa mtoto jina la upande wake, kila mtu alijua mtoto ataitwa Mugure. Nyanya mwenyewe alikuwa amejinunulia leso mpya ya kumbebea. Kwa miezi tisa alitembea akiwaambia majirani kwamba sasa anazaliwa upya.

Wanawake walikuja na uji na unga, wakauliza kama ilivyo ada, ni nani amekuja.

"Ni Kimberly," Wariara akasema.

Mugure aliweka kibuyu chini.

"Kimberly ni nani?"

"Si mtu yeyote, mami. Ndiyo maana."

Mugure aliwamiminia wageni uji, hakuruka hata mmoja. Kisha alikwenda nyuma ya jiko akalia, kwa maana yalimuuma, na angekuwa mtu wa ajabu kama yasingemuuma. Leso aliikunja akairudisha sandukuni.

Kila asubuhi Wariara alipapasa paji la mtoto. Alilala karibu naye sakafuni, mahali ambapo mtu akitega sikio husikia bomba likipita chini ya nyumba, likipeleka maji kwenye parachichi za mwenye shamba wa sasa. Bomba hilo halina mfereji wa kufungulia upande wa laini. Maji ya laini hutoka mtoni, kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, na Mugure ndiye aliyeyafuata.

Mtoto alipofika mwezi wa nne, kidole cha Wariara kilizama. Mfereji wa Kimberly ulikuwa mwembamba kama uzi, umenyooka vizuri, umemtosha. Mtoto alikuwa akicheka.

Wariara alimwita mamake. Mugure alitazama, akachukua mafuta, akampaka mjukuu wake taratibu.

"Mami, si ningemwita tu Mugure."

"Cheti cha kuzaliwa kimeshatoka," Mugure akasema.

Mtungi ulikuwa mtupu. Mugure alinyoosha mkono kuchukua mukwa ukutani, lakini mgongo ulikataa, akashika ukuta. Wariara alimkalisha, akampa mtoto. Akatoa leso sandukuni, akamfunika nayo nyanya pamoja na mjukuu. Kisha akautwaa mukwa, akauvaa kwa mara ya kwanza maishani. Ulikaa sawasawa ndani ya mfereji. Akaenda mtoni.