Kichuguu Chini ya Firuzi

Jumba la sinema la Firuzi lilibomolewa hapa Tabora mwaka 1957, siku ya Alhamisi asubuhi, na kwa muda wa kama robo saa baba yangu alikuwa chini ya ukuta wake wa mbele, akichimba.

Baba aliitwa Ambrosi, mwashi kutoka Kwihara. Ndiye aliyesimamia matofali ya Firuzi lilipojengwa mwaka 1937. Mji ulikuwa haujaona kitu kama kile: minara miwili pande za mlango, jukwaa la mbao ambapo michezo ya shule na ngoma vilichezwa, roshani ya juu kwa Wazungu na Wahindi, na sisi chini kwenye mabenchi. Watu walipanda treni kutoka Kaliua kuja kuona picha moja tu, wakarudi kesho yake. Mbao zote za roshani na paa zilikuwa kazi ya Damas seremala, rafiki wa baba tangu walipobatizwa siku moja. Jumamosi waliingia pamoja. Baba aligonga nguzo kwa kiganja, Damas akatazama juu, ndipo wakakaa.

Mwaka 1956 roshani ilianguka upande mmoja katikati ya picha. Hakufa mtu, lakini wawili walivunjika miguu. Boriti zilipopasuliwa, ndani mlikuwa na vumbi tupu. Mchwa walikuwa wamekula wakabakiza ganda. Serikali ikalifunga jumba. Mji ukasema Damas aliuza mninga aliopewa akaweka mbao za bei rahisi, maana mninga hauliwi hivyo. Tangu hapo hakupewa hata mlango wa jiko kutengeneza. Wanawake waliacha kumsalimu mkewe, Getruda.

Jumapili kabla ya kubomolewa, baada ya misa, baba alinivuta pembeni. Nilikuwa tayari mwalimu, na nadhani alitaka kuyajaribu maneno yale kwa mtu mmoja kwanza. Aliniambia kwamba pale penye mnara wa kushoto palikuwa na kichuguu kikubwa. Aliagizwa achimbe mpaka amtoe malkia, kwa sababu akibaki chini mchwa hawatakwisha kamwe. Akachimba siku nne, hakumpata. Mvua zilikuwa zimeanza na mwenye jengo alitaka msingi. Basi baba akaenda Kwihara, akachimbua kichuguu kingine, akarudi na malkia wa huko ndani ya kopo. Akamwonyesha kila mtu. Damas alimpa mkono wa pongezi.

"Mwaka mzima wanamwita mwizi," baba alisema, "nami nawasikia."

"Nenda ukamwambie, baba."

"Nitasema mbele ya watu wote. Alhamisi."

Alhamisi hiyo trekta mbili zilikuwa barabarani, kamba za chuma zimezungushwa kwenye mnara wa kushoto. Injinia alikuwa Mzungu asiyejua Kiswahili cha kutosha, hivyo kila neno lilipita kwa nyapara wake, Nassibu. Nassibu alikuwa Mzaramo aliyeoa hapa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na yeye na baba walitukanana kila walipokutana.

"Ehe, Mnyamwezi!" Nassibu alipaza sauti. "Umekuja kuchukua mzigo? Huu hata wewe huuwezi kichwani mpaka Bagamoyo!"

Baba hakucheka. "Nassibu, mwambie Mzungu asimamishe. Mbao hazikuwa mbovu. Mimi nilimwacha malkia wa mchwa chini ya mnara huu, nikaleta mwingine wa uongo. Kosa ni langu, si la Damas."

Kisha Nassibu akapiga makofi. "Mmemsikia? Mnyamwezi kaoa malkia wa mchwa! Na mahari ulitoa nini, matope?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikapiga kelele kwamba ni kweli. Mama mmoja akanishika mkono: "Binti, utani wa wazee usiuingilie." Neno la mtu kwa mtani wake hakuna anayeondoka nalo kwenda nyumbani. Baba alilijua hilo kuliko mimi. Alikuwa amemchagua vibaya wa kumwambia.

Akatazama watu wakicheka. Akaokota sururu ya kibarua, akainama chini ya kamba, akaingia mlangoni. Trekta zilikuwa zimekwisha anza kuvuta. Nassibu akapunga mikono miwili zikasimama, lakini ufa ulikuwa umefunguka kutoka dirishani hadi chini, nao mwanga ukapita. Injinia akasema jambo kwa haraka, Nassibu akafasiri. Hakuna kuvuta, hakuna kulegeza, na mtu asisogee. Kamba zile ndizo zilizoushika ukuta usimwangukie.

Tukawa tunasikia sururu. Moja. Nyingine.

"Ambrosi!" Nassibu aliita. "Toka, punda wa Unyanyembe! Ukifa humo nani atanipa kuku wangu wa matanga?" Akashusha mikono. "Toka, ndugu yangu. Sitanii."

Hapo ndipo watu walipoacha kucheka.

"Nikitoka mikono mitupu," baba alijibu kutoka ndani, "nani ataniamini?"

Matofali mawili yakaanguka, halafu la tatu. Nilikuwa nimeuma kanga yangu nisipige kelele. Watu nyuma yangu wakaachia njia, akapita Damas. Alikuwa amesimama na baiskeli yake ng'ambo ya barabara muda wote, akisikia wakicheka. Alikwenda mpaka kwenye kamba. Hakupaza sauti sana.

"Ambrosi. Acha kuchimba."

"Nimekaribia."

"Simtaki mdudu. Yale uliyomwambia mtani wako, njoo uniambie mimi."

Sururu ikanyamaza. Baba akatoka akiwa mwekundu kwa vumbi, goti linavuja damu, akasimama mbele ya Damas.

"Nilidanganya. Malkia wa kwenye kopo alitoka Kwihara. Mbao zako zilikuwa nzuri."

Hakucheka mtu. Nassibu akamfasiria injinia, neno kwa neno, bila kuongeza lake.

"Na mwaka huu wote?" Damas aliuliza.

"Niliogopa."

"Getruda alipojifungua ulikuja kwangu na sukari. Ukakaa. Ukala."

"Nilikula."

Injinia akashusha mkono, trekta zikavuta. Ukuta ukaenda wote kwa mara moja, na ardhi ikatetemeka miguuni mwetu. Vumbi lilipotulia Damas alikuwa ameshapanda baiskeli yake.

Wiki ile ile alipelekewa kazi ya milango mitatu. Watu walimsalimu tena Getruda, wengine kwa kuzidisha. Lakini kwetu Damas hakukanyaga, na kanisani alikaa benchi la upande mwingine.

Baba alipofariki mwaka 1960, nilikwenda mwenyewe kumpa Damas habari. Alikuwa anapiga randa. Akaisimamisha, akaniuliza tunazika saa ngapi. Nikamwambia saa tisa. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaendelea na ubao wake.

Hakuja.