Hewa ya Samaki

Usiku wa jana niliota nimetiwa ndani ya mfuko wa nailoni, maji yamenifika kiunoni, juu yangu hewa tele, na mdomo wa mfuko umefungwa raba nyekundu. Sikuogopa. Nilichotaka kujua ni napelekwa wapi.

Mahali penyewe napajua. Ni lile godauni la nyuma ya nyumba yangu, wanapofungasha samaki wa mapambo na matumbawe. Wanavitoa baharini kwetu vikiwa hai, vikapande ndege, vikakae kwenye masanduku ya kioo sebuleni kwa watu wa mbali. Mimi shule niliishia la tatu, lakini ukutani pana masharti, na ndotoni nayasoma bila kukwama. La kwanza linasema: asafiriye asile, asije akachafua maji.

Kumbe ndiyo maana nina njaa.

Mfuko wa jirani una tumbawe la zambarau, ukubwa wa ngumi, upande mmoja limekatwa kwa patasi.

"Shikamoo," nikaliamkia, maana tumbawe lolote lina umri kumshinda babu yangu.

"Marahaba. Wewe ni wa rangi gani?"

"Mimi ni mtu."

"Hiyo si rangi. Watakukataa huko."

"Huko kukoje?"

"Nasikia kuna taa ya buluu, na mtoto anayegonga kioo."

"Anagonga anataka nini?"

"Hata yeye hajui."

Nikaliuliza kama pale palipokatwa panauma. "Mimi ni kidole tu, mzee. Mkono umebaki nyumbani. Wenye kuumwa ni huo mkono, mimi nasafiri."

Mara mtungi wa hewa ukaja unatembea, go! go! go!, mpira unaning'inia shingoni. Ndio unaojaza mifuko, kila samaki na hewa yake. Nilipouona moyo ukanilipuka.

Yafaa niseme hapa kwamba mke wangu, Mwanasiti, alifariki masika yaliyopita katika zahanati ya hapa kwetu. Kifua kilimbana, akakosa hewa, na mtungi wa zahanati ulikuwa mtupu. Wakubwa walisema umeagizwa. Kutoka kitanda chake hadi godauni hili ni mwendo wa kutupa jiwe, na ukiwa dirishani pale unaisikia mitungi ikishushwa. Hayo ni ya macho makavu, si ya usingizini. Ndotoni Mwanasiti bado anahema, na mimi bado nina nafasi.

"Bwana Mtungi," nikasema, "toka nami mara moja tu hapo zahanati. Mke wangu anakata roho."

"Ana mapezi?"

"Hana."

"Magamba?"

"Miguuni kidogo, wakati wa kiangazi."

"Kidogo hakitoshi. Mimi ni hewa ya samaki. Kamwone Mkubwa."

Kabla sijauliza njia, godauni likawa ofisi. Ofisi ni sanduku la kioo limejaa maji, na Mkubwa yumo ndani na tai yake, kila neno linatoka na povu. Nyuma yake pana kasri la plastiki.

"Kasri hilo la nani?" nikauliza.

"La muda. Tunangoja bajeti."

Nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza vizuri sana, kama wanavyosikiliza siku zote.

"Mzee Chirumu, jambo lako lina sharti lake," akasema. "Aliyefika amekufa, unampiga picha, unatuletea picha, unapewa mwingine wa aina ile ile."

"Lakini bado hajafa!"

"Basi umewahi mno. Njoo akishakufa."

"Akishakufa nitamtaka yeye, simtaki mwingine."

Akafungua kabati, akachungulia. "Yeye hatuna. Tuna wa njano, na wa mistari."

Wala sikushangaa. Nilipomwendea Mkubwa kwa macho makavu jibu lilikuwa hilo hilo, ila mapovu hayakuwepo. Nilishangazwa na kitu kingine: mpira mwembamba umetokea juu ya sanduku, unamtilia hewa puani.

"Na hiyo hewa yako, Mkubwa, inatoka wapi?"

Akautazama ule mpira, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Sijui," akasema. "Inakuja tu."

Tumbawe likakohoa kwenye mfuko wake. "Mzee, unahangaika bure. Hiyo hewa unayoitafuta si umeivaa?"

Nikatazama juu. Loo! Kichwa changu kimo ndani ya hewa ya kutosha mtu mzima.

Nikageuka nyuma, na nyuma kukawa zahanati. Mwanasiti amelala kitanda kile kile, kifua kinapanda na kushuka kama pazia. Nikasukuma mfuko wangu hadi ubavuni pake, maji yanapiga chubwi, chubwi. Nikashika raba.

"Sharti la mwisho," tumbawe likanionya. "Mfuko haufunguliwi mpaka ufike. Ukiufungua, wewe utavuta nini?"

"Nimefika," nikasema.

Nikaizungusha raba, ikachomoka. Maji yakamwagika sakafuni, na hewa yote ikamwendea yeye. Akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akaangalia chini kwanza.

"Baba Saumu! Na haya maji nani atayapiga deki?"

"Mimi."

"Wewe? Haya. Na hiyo raba usiitupe, nipe nifungie sukari. Nakujua, tangu niondoke unakunja tu mdomo wa pakiti. Sisimizi wamekuzoea mpaka wanakupa salamu."

Nikampa. Nilitaka kumuuliza aliko kukoje, kama kuna taa ya buluu, kama kuna mtoto anayegonga. Lakini upande wangu hewa ilikuwa imekwisha. Nikaamka natweta.

Sakafu ilikuwa kavu. Nikajiambia ndoto ni ndoto, nikawasha jiko, nikabandika chai. Nikanyoosha mkono kuchukua pakiti ya sukari, ambayo tangu tumzike naikunja mdomo tu, na kila asubuhi napukuta sisimizi.

Hapakuwa na sisimizi hata mmoja. Mdomo wa pakiti ulikuwa umesokotwa na kufungwa raba nyekundu, kitanzi kimeachwa upande wa kulia, kama afungavyo yeye. Raba ilikuwa mbichi kwa maji. Nikalamba kidole: chumvi.

Chai niliinywa bila sukari. Sikuweza kuifungua.