Poda ya Dada

Karakanani walimwita Mizani, maana hata sukari ya chai aliipima. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi za poda za uso. Dada yake mkubwa, muuguzi, alikuwa amehamia ng'ambo miaka sita nyuma, na ngozi yake ilikuwa haitaki mchezo.

"Mdogo wangu, nimepaka poda ya dukani," dada alilalamika kwenye simu. "Nimevimba mpaka wagonjwa wananipa pole mimi."

"Usipake kitu tena. Nitakutengenezea mwenyewe."

Mizani hakutia manukato, hakutia na zile chembe za kumetameta. Akaagiza rangi tatu tu zitokanazo na chuma: nyekundu, ya manjano na nyeusi.

"Hizo ni za madini, hazina neno," msimamizi wake alimwambia.

"Hata risasi ni madini, bosi, na ni sumu. Nataka cheti cha maabara."

Cheti kilichukua wiki mbili. Kilipoonyesha kuwa risasi na zebaki haziko juu ya kiwango, ndipo alipofungua mifuko.

Kazi ikawa kupata rangi. Picha za simu humng'arisha mtu, kwa hiyo hakuziamini. Akafumba macho, akalikumbuka shavu la dada yake walipokuwa wakilala kitanda kimoja wakigombea mto. Akaongeza nyekundu kidogo, kisha manjano, akakosea, akaanza upya. Siku ya tatu rangi ikaja yenyewe. Akaipaka kiganjani, akakiegemeza shavuni mwake, akakaa hivyo mpaka chai yake ikapoa.

Poda ilipofika kwa dada, Mizani alikuwa mkali kwenye simu. "Kwanza ndani ya kiwiko. Siku tatu. Usoni usiguse!"

"Haya, daktari."

Siku ya nne dada akapiga.

"Haijaniwasha hata kidogo. Ila mimi siko hivi tena. Huku jua halionekani, nimepauka. Hii ni rangi niliyoondoka nayo."

"Basi irudishe, niirekebishe."

"Thubutu! Hii hainitoki. Nitengenezee nyingine ya kazini."

"Nitaipimaje na sikuoni ana kwa ana?"

"Nikipata likizo nitakuja, unitazame vizuri."

Likizo imeahirishwa mara mbili. Ile poda ya pili haijatengenezwa. Siku zake za mapumziko, dada hujipaka ile ya kwanza, akakaa chumbani peke yake, akampigia mdogo wake simu ya video.

"Umejipaka?" Mizani huuliza.

"Nimejipaka."

"Geuka basi, nione shavu."