Boksi la Pili

Kitabu cha kampuni kinasema tuna viwanda katika nchi thelathini na wafanyakazi elfu tisini. Mimi nimo ukurasa wa kumi na moja, nachekelea mbele ya rafu: "Mlinzi wa ubora." Ubora gani! Kila toleo la dawa likitengenezwa, naletewa maboksi mawili niyafungie kabatini, ili siku wagonjwa wakilalamika yapimwe. Basi.

Mwaka jana wakubwa waliacha kutengeneza vidonge vya kifafa. Eti havilipi. Mdogo wangu anavimeza tangu utotoni, na sasa ana mtoto wa miezi minne. Madukani havipo, na mimi naviona kila siku vimekaa tu! Undugu ni kufaana, jamani. Nikatoka na boksi moja chini ya koti.

"Sasa naweza kumwogesha mtoto peke yangu?" aliniuliza. Tulikuwa tumemkataza, asije akaanguka naye majini.

"Mwogeshe, mama. Dawa si unayo?"

Jana saa nne asubuhi akaja bosi wa maabara na karatasi. "Nipe maboksi yote mawili ya toleo hili. Hospitali tatu zilizobakiwa navyo zinalalamika. Watu wanameza na bado wanaanguka."

Nikasoma namba. Ilikuwa ileile ya boksi nililompa mdogo wangu.

Ningeweza kumpa moja na uongo juu yake. Miaka kumi na tisa hapa, najua uongo gani unapita. Lakini saa nne ndiyo saa ya mtoto kuoga. Simu zetu tunaziacha getini. Mwenye simu alikuwa yeye tu.

"Bosi, nipe simu yako. La pili nililiiba, liko kwa mdogo wangu."

"Umesemaje?"

"Utanifukuza baadaye! Nipe simu!"

Akanipa, mdomo wazi. Iliita weee, mpaka nikataka kupiga ukunga.

"Haloo? Nani? Nina sabuni mikononi."

"Ni dada yako. Mtoe mtoto majini."

"Aa, anacheka, msikie..."

"Mtoe!"

Maji yakamwagika. Mtoto akaangua kilio. "Haya, nimemtoa. Una nini wewe?"

Nikamwambia vidonge ni vibovu.

"Kumbe ndiyo maana asubuhi nimeona giza," alisema. "Sasa nimeze nini, dada?"

Nikamgeukia bosi, machozi yananitiririka. "Anauliza ameze nini."

Bosi akanyoosha mkono. Alikuwa anataka nimkabidhi ufunguo wa kabati, kazi yangu imekwisha.