Tyson Si Roboti

Katika grupu la Wapenda Teknolojia wa Kakamega hakuna mtu aliyeogopwa kama Tyson. Ukiandika kwamba umenunua simu mpya, Tyson anakuuliza ni mpya kwako ama ni mpya kwa aliyeitengeneza. Ukisema betri yako inakaa siku nzima, anauliza uliitumia siku hiyo ama ulikuwa umeifunga kwa leso. Watu wazima walikuwa wanaandika neno, wanalisoma, wanalifuta na kuliandika upya, yote kwa kumhofia Tyson.

Picha yake ilikuwa ya jogoo mwekundu mwenye kifua cha mwenyekiti wa kamati. Wengi walidhani ni mzaha wa kijana fulani wa chuo. Mzaha haukuwapo. Jogoo huyo yuko, jina lake ni Tyson, na analala jikoni kwa Phoebe, mjane mmoja wa karibu na Lubao, mwenye darasa la saba kichwani na meno ya kumtosha mdomoni.

Phoebe hakukusudia kudanganya mtu. Bintiye Lynette alipomletea simu kutoka Nairobi, simu ilimtaka aweke jina na picha. Picha iliyokuwamo ilikuwa ya jogoo peke yake, na Phoebe akaona si vizuri kuweka picha ya mmoja na jina la mwingine.

Kwenye grupu aliingia kwa shida ya kweli. Simu ilikuwa inapata joto kama chapati, na Lynette akamtumia njia ya kuingia, akamwambia huko kuna wataalamu. Phoebe akauliza kwa adabu: simu yangu inachoma mkono, nifanye nini? Wa kwanza kujibu alitaka kujua inachoma kiasi gani, na amepima na nini. Wa pili alisema watu wanaonunua simu za aina hiyo wasilete kilio mbele ya watu. Wa tatu akamwambia wa pili kwamba hata yake si simu, ni tochi inayopiga picha. Kufikia jioni walikuwa wanatukaniana viwanda na nchi, na hakuna aliyekumbuka mkono wa mtu unaungua. Simu ilipoa yenyewe Phoebe alipoihamisha kutoka rafu ya juu ya mafiga.

Mwingine angeudhika. Phoebe alifurahi mpaka mboga ikaungua.

Pale mahali alipajua. Maisha yake yote ameuza na kununua kuku soko la Lubao, na Lubao hakuna anayemsifu kuku anayemtaka. Anayemtaka ndiye anayempuliza manyoya aone ngozi, anambonyeza kifua, anasema jicho hili limelala, huu mguu una baridi, huyu ni mzee amejifanya mwali. Yule anayesema "kuku mzuri sana, mama" anapita tu, huyo hana mpango. Kwa hivyo vijana wa grupu, na matusi yao yote, machoni pa Phoebe walikuwa wateja. Jambo moja tu lilimshinda kuelewa: hawakununuanga. Walipuliza manyoya asubuhi mpaka jioni, na kuku akabaki pale pale.

Basi naye akaanza kupuliza. Jina lake lilivuma siku Kibiwott, kijana anayetunza kompyuta za ofisi moja mjini, aliposimulia kwamba ameunda kompyuta kwa mikono yake.

"Umeunda ama umeunganisha?" Tyson akauliza.

"Nimeunda. Kutoka mwanzo."

"Chuma ulichimba wapi?"

Grupu lilicheka wiki nzima. Watu wakawa wanamwuliza Kibiwott habari za mgodi. Alipoonekana mjini na viatu vyenye matope, mtu alimpiga picha.

Kibiwott hakusahau. Alirudi nyuma akasoma kila neno ambalo Tyson amewahi kuandika, kisha akaja na hukumu yake. Tyson hajawahi kueleza kitu chochote, kazi yake ni kuuliza. Hakasiriki. Hajawahi kutuma sauti yake wala sura yake. "Tyson si mtu," akaandika. "Tyson ni roboti. Kuna mtu ametuwekea akili bandia hapa ndani, inatucheka."

"Roboti gani inaweza kuuliza chuma kilichimbwa wapi?" akajibu Gentrix, msichana wa chuo ambaye hakubaliani na yeyote, hata anayekubaliana naye.

"Hiyo ndiyo dalili. Mtu wa kawaida hangeuliza."

"Kwa hivyo mtu wa kawaida ni wewe?"

Walivutana hivyo mpaka msimamizi, Bramwel, akaingilia. Bramwel hutengeneza simu katika kibanda chake nyuma ya soko la mjini, mtu wa haki lakini anayeogopa kelele, kasoro mbaya sana kwa mtu mwenye grupu kama lile. Akaamua hivi: Jumamosi wanagrupu wanakutana kibandani kwake. Tyson aje aonekane. Asipokuja, anatolewa kabla jua halijatua.

Phoebe aliweka simu mezani akaiangalia.

Angeweza kutuma sauti yake papo hapo, yakaisha. Lakini alijua kitakachofuata, maana tayari kilikuwa kimempata kila mahali pengine. Tangu mume wake afe na goti lianze kumsumbua, watu walikuwa wamekuwa wazuri kwake. Kanisani akisema neno la upuuzi, wanaitikia "ni kweli, Kukhu", kama vile wajukuu wanavyomwitikia nyanya anayeongea usingizini. Jirani yake wa miaka mingi, aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba mpaka wakachoka, siku hizi anamshika mkono kumvusha mtaro. Na Lubao, Lubao kwenyewe, wiki iliyopita alitaja bei ya kijinga makusudi na mteja akatoa bila neno, kwa huruma. Phoebe alirudi nyumbani siku hiyo akiwa mgonjwa.

Mahali pamoja tu duniani ndipo watu walipomwambia ni mjinga, na wakamwambia kwa moyo wao wote. Asipokwenda, wanamtoa. Akienda, watakuwa wazuri.

"Nitaenda," akamwambia jogoo. "Na wajaribu kuwa wazuri wanione."

Jumamosi alivaa gauni la kitenge na viatu vya kanisa, akapanda boda hadi mjini. Nje ya kibanda cha Bramwel palikuwa na viti vya plastiki na vijana wamesimama makundi makundi. Kila mmoja alikuwa anawatazama vijana wenzake kwa shaka, akitafuta Tyson ni nani.

"Karibu, Kukhu," Bramwel akasema. "Umeleta simu itengenezwe?"

"Nimeambiwa nije nionekane. Mimi ndiye Tyson."

Walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu yeye hakucheka. Kibiwott, kijana mrefu mwenye miwani, akasogea.

"Nani amekutuma, Kukhu? Mjukuu wako ndiye Tyson?"

"Mjukuu wangu yuko darasa la pili. Yeye ana akili, hawezi kukaa kwa grupu lenu." Akamtazama juu mpaka chini. "Wewe lazima ni Kibiwott. Mgodi unaendeleaje?"

Hapo wakajua.

Na hapo hapo, kama alivyohofia, wakaharibika. Mmoja alileta kiti chenye mto. Mwingine alikimbia kununua soda, akarudi akauliza kama sukari inamdhuru, akaenda tena kuleta maji. Wale waliokuwa wameandika jana kwamba Tyson ana ubongo wa kaa la moto walisimama mikono nyuma kama wanafunzi. Kibiwott alivua miwani.

"Kukhu, tusamehe. Sisi hatukujua. Yale maneno niliandika..."

"Yale ya roboti ama yale ya kuniita punda?"

"Yote."

"Ya punda yalikuwa mazuri. Unayaombea msamaha wa nini?"

"Hata hivyo, Kukhu, ulikuwa na haki. Kompyuta sikuunda. Niliunganisha."

Phoebe alihisi uchungu mbaya. Mtu aliyelipigania neno hilo wiki nzima, leo analiweka chini kama mzigo wa mtu mwingine. Akamgeukia Gentrix, msichana pekee pale, ambaye hakuwahi kumwangusha.

"Wewe, msichana. Nasikia unasema simu kubwa ni bora kuliko ndogo. Huo ni upuuzi."

Gentrix alifungua mdomo. Akaufunga. "Labda ni kweli, Kukhu," akasema polepole.

Basi. Phoebe alikaa kwenye kiti chenye mto akaona mambo yalivyo: hawa wamepita. Wamesema kuku mzuri sana, mama, na wanaendelea na safari. Bramwel alikuwa tayari anasema, kwa sauti ile ya mazishi, kwamba Kukhu atabaki kwenye grupu kama mlezi wa heshima, na watu wanapiga makofi.

"Sitaki ulezi," Phoebe akasema.

Makofi yakafa. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa simu yake. Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na nyuma ilikuwa imefungwa kwa raba ya kufungia pesa. Akaiinua watu wote waione.

"Muiangalie vizuri. Hapa hakuna simu inayoifikia hii."

Mtu mmoja alikohoa.

"Inapiga picha kushinda zenu zote. Hiyo yako, Kibiwott, ile unaisifu kila siku, haikaribii."

"Sawa, Kukhu," Kibiwott akasema, lakini shavu lake lilicheza.

"Na ina kasi. Naibonyeza asubuhi, nikimaliza kukamua ng'ombe imefunguka. Yako hufunguka haraka hivyo?"

Kijana mmoja aligeuka akaangalia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Kibiwott alivaa miwani tena.

"Kasi... sawa. Kila simu na kasi yake."

"Na hiki kioo. Ule ufa ni wa maana, unapunguza jua. Nyinyi mmenunua vioo vizima kwa sababu hamjasoma." Akaipangusa simu kwa gauni. "Sasa ngoja niwapige picha, mfundishike. Simameni pamoja."

Wakasimama. Phoebe aliinua simu, akafumba jicho moja, akabonyeza. Akamwonyesha Kibiwott. "Sema hiyo si picha nzuri kuliko zako. Sema kama unaweza."

Kibiwott aliitazama. Alimtazama Bramwel, ambaye alikuwa anatikisa kichwa akimwomba anyamaze. Aliitazama picha tena. Mtu anayependa mashine ana mahali pamoja pasipoguswa, na Phoebe alikuwa amepakanyaga na viatu.

"Kukhu, niwie radhi," akasema. "Mimi nimelelewa vizuri. Lakini hiyo simu ni takataka."

Bramwel alijishika kichwa.

"Rudia," Phoebe akasema.

"Ni takataka. Kamera ya hiyo ni ya kuonea kama kuna mtu mlangoni. Na ufa haupunguzi jua. Hakuna kitu kama hicho. Nani alikuambia?"

"Umepima?"

"Sihitaji kupima, ni jambo linajulikana."

"Na nani? Wewe na nani mwingine?"

"Na kila mtu," Gentrix akaingilia, "lakini Kibiwott, wewe pia kamera yako siyo unayosema, nilishakuambia, ile ni programu inapaka watu rangi."

"Wewe nyamaza, hujui programu."

"Mwache aseme," Phoebe akamwambia Kibiwott. "Wewe uso wako kwa zile picha ni kama umepakwa siagi."

Walibishana mpaka soda zikapata joto. Yule aliyeleta kiti chenye mto alikichukua akakalia mwenyewe, akidai Kukhu ana nguvu kuliko wote hapo. Kijana mmoja alimwambia Phoebe hajui anachosema, na Phoebe akamwuliza yeye anajua nini, na kijana akaanza kueleza, wakamzomea wote pamoja. Bramwel alijaribu mara kadhaa kurudi kwenye habari ya ulezi. Mwishowe akaomba waamue tu: Tyson anabaki ama anatolewa?

"Mmenipuliza manyoya vya kutosha," Phoebe akasema. "Mnanunua ama hamnunui?"

Vijana wa mjini hawakuelewa, lakini Kibiwott alisema Tyson atolewe mara moja, kwa ujinga, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo Phoebe kumpenda kabisa. Gentrix akasema abaki, kwa sababu Kibiwott amesema atolewe. Wengine wakasema wafuate utaratibu, na utaratibu ni upi? Wakaanza kubishania utaratibu. Phoebe aliwaacha hapo akaenda kutafuta boda.

Yeye na mwendesha boda hawakuwa wamefika Lubao simu ilipotikisika mkobani. Tyson alikuwa bado yumo ndani. Kibiwott alikuwa ameandika mbele ya grupu zima:

"Tyson, nimeiona vizuri ile picha yako. Umetukata vichwa wote. Hata huyo jogoo angepiga bora."

Phoebe alimgonga mwendesha boda begani. "Simama hapo kando."

"Kuna nini, Kukhu? Umeugua?"

"Sina ugonjwa. Siwezi kuandika tukirukaruka hivi, na huyu mtu hawezi kulala bila jibu."

Akasimama ukingoni mwa barabara, miwa mbele yake na lori la mchanga likimpita, akaandika polepole kwa kidole kimoja:

"Vichwa niliviona. Nikaona haviongezi kitu."