Mkwe Wangu na Semina ya Kuacha Kununa

Katika mambo ya ndoa, mtaa huu hakuna anayenifikia. Nimeolewa mara tatu. Na mara zote tatu nilirudi kwetu na godoro langu kichwani, kwa hiyo labda tuseme ninachokijua sana ni kubeba godoro.

Ndiyo maana binti yangu, fundi cherehani, hakuniomba ushauri. Alimpeleka mumewe kwenye semina ya wanandoa, mimi nikafuatana nao, nimebebeshwa mjukuu. Mume mwenyewe ni mchomeleaji wa mageti, mchapakazi, hanywi, ila ana ugonjwa wa kununa. Akiudhika anajibu kwa kichwa tu, wiki nzima. Binti alishamwambia: ukinuna tena baada ya semina, nachukua mtoto na cherehani, nahamia kwa mama. Na huyo mama ana chumba kimoja, kitanda kimoja. Semina ile niliiombea dua kuliko wao.

Tuliketi kwenye darasa la watoto, mkwe magoti yamemfika kidevuni. Mwalimu, msichana mwenye sauti ya kubembeleza, akasema mtu mzima hutaja linalomuuma kabla halijamnunisha. Mmoja aseme, mwenzake arudie alichosikia, asijitetee.

Binti akaanza. "Ukinuna, naona kama nimefiwa."

"Nimekusikia, mke wangu," mkwe akasema polepole. "Nikinuna, unaona kama umefiwa."

Mwalimu akapiga makofi. Mimi nikakiona kitanda changu, chote, peke yangu.

Zamu ya mkwe. Akafuta jasho. "Mama yako akija kwetu, mapande ya nyama yote yanakwenda kwake. Mimi naachiwa mchuzi."

Binti akafungua mdomo arudie. Laiti ningemwachia.

"Mapande gani hayo, baba?" nikauliza kutoka nyuma. "Ile nyama niliitafuna mpaka masikio yakaniuma."

Darasa zima likacheka, mwalimu naye, na kibaya zaidi, binti yangu.

Mkwe hakucheka. Njia nzima alitutangulia kama hatujuani. Nyumbani akakaa akiutazama ukuta. Akaulizwa chai, akatikisa kichwa.

Binti akaifunika cherehani yake kwa kitambaa, taratibu. "Mwenzangu, umenuna?"

Nikakohoa kumpa ishara: sema, baba, nisingizie hata mimi.

"Sijanuna," akasema, mkono shavuni. "Jino linaniuma."

"Lipi?"

"La huku chini, la mwisho."

"Pole. Hebu fungua mdomo. Mama, mulika."

Nikawasha tochi ya simu. Haya ya mkwe na mama mkwe ilishaishia kwenye nyama, nami nikachungulia. Palikuwa na ufizi mtupu, unang'aa.

"Hili si ndilo lililong'olewa mwaka jana," binti akasema, "ukanibana mkono mpaka nikashindwa kushona?"

Mkwe akamtazama, akaitazama cherehani iliyofunikwa.

"Basi nimenuna," akasema. "Na aliyeninunisha ndiye huyo ameshika tochi."