Binamu Wote wa Ulaya

Firmin aliniambia ndani ya treni, kabla hatujafika Fisksätra, hapa Uswidi, projekta ikiwa mapajani mwake kama mtoto aliyelala.

"Leo sema kweli. La sivyo mwezi ujao tafuta punda mwingine wa kukubebea mashine."

"Kweli gani?"

"Bruce, usinichekeshe. Umewafanya wapenzi wote wa Ulaya kuwa binamu."

Nikageukia dirisha. Nje kulikuwa na theluji.

Kila mwezi, Jumamosi mchana, tulionyesha filamu katika ukumbi wa wapangaji, chini ya ghorofa anayokaa mama yangu. Watazamaji walikuwa Warundi na Wakongo, na filamu zilikuwa za lugha ambazo nusu yao hawazijui. Kwa hiyo mimi nilisimama kando ya shuka jeupe na kipaza sauti, nikisimulia kwa Kiswahili, kama wanavyofanya wasimulizi wa vibanda vya video kule kwetu. Kuchagua filamu ilikuwa kazi yangu. Kuisifu kwa ubeti mmoja kabla haijaanza ilikuwa fahari yangu. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe ndani ya treni, nikihesabu mizani kwa vidole na kunong'ona hadi abiria wakahama viti.

Sasa, filamu ninazozipenda ni za wanaume wanaopendana. Nikazipendekeza hizo, moja baada ya nyingine, na kila nilipofika penye kitanda nilisimulia: "Kwa sababu ya baridi, binamu hawa wanalala pamoja." Askari wawili wanaagana kituoni wakibubujikwa na machozi: binamu. Wazee wawili wanazikwa kaburi moja: binamu, tena wa upande wa mama. Filamu ikiisha, watu walitoa alama, si kwa nyota bali kwa sufuria za sombe, kisamvu cha Kikongo. Mtindo huo aliuanzisha Mama Olive, Mkongo anayeuza majani ya muhogo Skärholmen.

"Sufuria ine!" alisema mwezi uliopita, akijifuta macho. "Hawa binamu wa Ulaya wanapendana kweli. Wangu wa Bukavu, hata simu hawakamate."

Ilikuwa mwaka 2009. Bunge la Uswidi lilikuwa limeshakubali wanaume wawili waoane; mimi nilikuwa bado nasema binamu. Na si kwamba mimi ni mwoga. Nimebishana na walimu, na mapadri, na mlinzi mmoja wa duka mwenye mbwa. Ninayemwogopa ni mama yangu tu, Mama Domina, naye alikaa safu ya mbele kila mara na mfuko wake wa karanga. Mama alimjua Firmin kama "kijana wa mashine." Miaka miwili Firmin alikuwa akila kwake, na kila alipokuja alikuja na projekta, hata siku ambazo hapakuwa na filamu yoyote.

"Nikisema, wataondoka," nilimwambia tuliposhuka.

"Waondoke. Usiposema, naondoka mimi."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Filamu ya siku hiyo ilihusu dereva wa gari la kuondoa theluji, Lars, na mwalimu wa piano, Henrik, katika mji mdogo wa kaskazini. Nikasimama, nikakohoa, nikatoa ubeti wangu:

*Nawaletea filamu, ya theluji na piano,*
*Dereva ana nidhamu, mwalimu ana maneno,*
*Baridi kali na ngumu, inayopasua meno,*
*Ndani moto wa karamu, na mkono kwa mkono.*

Wakapiga makofi. Shemasi Juvénal, anayeongoza maombi ya Ijumaa katika ukumbi huohuo, akaitikia "Amina" kwa mazoea.

Filamu ikaanza. Lars akachimba njia hadi mlangoni kwa Henrik. Henrik akamkaribisha chai. Lars akarudi kesho yake, ingawa theluji haikuwa imeanguka. Akarudi tena na sanduku la nguo. Kitanda kikaonekana. Nikahisi macho ya Firmin kisogoni.

"Wanaume hawa..." nilianza, na sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya mwanakwaya. "Wanaume hawa si binamu. Ni wapenzi. Na wale wengine wote, wa miezi iliyopita, nao walikuwa wapenzi."

Firmin akabonyeza rimoti. Picha ikaganda: Lars mlangoni na sanduku lake, Henrik kando ya piano. Nikasikia ganda la karanga likivunjika safu ya mbele.

"Papa Bruce," Mama Olive akasema taratibu, "unafikiri sisi ni vipofu?"

"Tulijua tangu wale askari," akasema Mzee Callixte. "Binamu gani wanaagana vile? Tulikuachia kwa sababu ya mashairi. Kijana akitunga, usimkate."

Shemasi Juvénal akainuka. "Mimi sikujua! Na sasa nikiwa nimejua, sikubali. Natoka." Akatoka, akafunga mlango kwa nguvu ya mtu anayetaka asikike.

Nikavuta pumzi. Nikadhani yamekwisha.

"Lakini," akasema Mzee Callixte, akisimama na kufunga kifungo cha koti, "huyu dereva anahamia na sanduku. Nani alikwenda kuomba?"

Lazima nieleze kwamba Mzee Callixte ni mshenga. Hakuna posa ya Warundi kuanzia Södertälje hadi Uppsala iliyopita bila ulimi wake. Akiona watu wawili wanakaa pamoja na hakuna aliyekwenda kuomba, huumwa tumbo.

"Mzee, ni filamu," nilisema.

"Filamu haina wazazi? Tazama! Mtu anaingia nyumba ya watu na sanduku kama fundi bomba!"

"Hata shangazi hana," mtu akasema nyuma.

"Mtu mzima, hana shangazi hata mmoja!" akadakia Mama Olive. Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma. Jambo hilo liliwauma kuliko yote niliyowahi kuwasimulia, makaburi na vita pamoja.

Basi wakavipanga viti upya. Nusu wakakaa kulia, wakawa ukoo wa Lars. Nusu wakakaa kushoto, wakawa ukoo wa Henrik, na wanawake wanne wakagombania ushangazi. Mama Olive akajitangaza msemaji wa Henrik. Jambo lake la kwanza lilikuwa kufungua kitenge chake na kukitundika juu ya nusu ya shuka, kwa sababu anayeombwa haonekani kabla ya makubaliano. Lakini projekta haikujua mila. Henrik akaendelea kuonekana juu ya kitenge, uso wake katikati ya makasuku wa kijani waliochorwa humo.

"Tumekuja," Mzee Callixte akaanza kwa sauti ya sherehe, "tumetoka kaskazini, tumepita kwenye theluji ambayo kijana wetu ameiondoa mwenyewe. Kwenu tumeona ua."

"Maua hapa ni mengi," akajibu Mama Olive. "Labda mulipotea. Ni huyu munatafuta?"

Desturi inataka waletwe wachumba wa uongo kwanza. Mama Olive akatafuta mtu wa kumfunika, lakini kila mtu alikuwa na cheo tayari. Hapo mlango ukafunguka, Shemasi Juvénal akarudi, uso umekunjamana.

"Nimesikiliza kutoka koridoni," alisema. "Bado sikubali. Lakini mnakosea! Upande unaoomba hukaa karibu na mlango! Kama mtu anatenda dhambi, basi aitende kwa utaratibu!"

Kabla hajamaliza, mashangazi wakamrushia kitenge cha pili kichwani na kumsukuma mbele.

"Ni huyu?" akauliza Mama Olive.

Mzee Callixte akainua ncha ya kitenge, akachungulia. "Hapana. Huyu ana ndevu za Agano la Kale. Wetu anapiga piano."

"Mniachie!" ikasema sauti ndani ya kitenge. "Na ng'ombe je? Mbona hamjataja ng'ombe?"

Hapo ndipo walipokwama. Nani anampa nani? Lars ndiye aliyekwenda, lakini gari lile lina thamani, kwa hiyo ukoo wake ulidai kwamba wao pia wanapoteza kijana. Mzee Callixte akapendekeza ng'ombe aende kwa Henrik, kisha arudi kwa Lars, heshima ipite pande zote mbili.

"Ng'ombe yuleyule?" akauliza Mama Olive. "Kwenye theluji? Atachoka, papa!"

"Atapanda gari la Lars."

Walicheka, na mimi nikacheka, hata Firmin, aliyekuwa ameshika projekta kwa mikono miwili isitikisike. Kisha Mzee Callixte akainua mkono.

"Posa haipiti bila mama. Mama wa Henrik ni nani?"

Mashangazi waliokuwa wakigombana wakaangalia sakafu. Shangazi huja, hula, huenda zake. Mama ni jambo jingine. Kesho yake watu watakuuliza kwenye basi. Hakuna aliyenyanyuka, na kicheko kilikauka kama maji kwenye jiwe la moto.

Mama yangu akakunja mfuko wake wa karanga. Akapangusa maganda mapajani, akavuka, akakaa kwenye kiti cha katikati upande wa kushoto.

Mzee Callixte akainama. "Mama, tumekuja kuomba."

"Nani amekuja?" akauliza Mama. "Mimi sijaona mtu. Namwona Mswidi aliyegandia ukutani. Na mwanangu mimi hapigi piano. Mwanangu anapiga kelele kwenye kipaza sauti."

Kipaza sauti kikanilia mkononi kama paka aliyekanyagwa.

Akageuka nyuma, kule projekta ilikokuwa. "Na weye, kijana wa mashine. Miaka miwili unakula ugali wangu. Unaingia na hilo sanduku, unatoka na hilo sanduku. Watu wako hawana miguu?"

Firmin alifungua mdomo. Mimi nikamwahi. "Mama, mimi ningependa kusema kwamba upendo..."

"Nyamaza!" akafoka Mzee Callixte, akaninyang'anya kipaza sauti. "Anayeombwa hasemi!" Mashangazi wanne wakaja mbio, wakamvua Shemasi kitenge, wakanifunika mimi.

Chini ya kitenge kulinukia sombe na jasho la Shemasi. Nilisikia sauti ya Firmin, yeye aliyenihubiria ukweli tangu kwenye treni, ikiwa nyembamba kuliko yangu.

"Mama, nina mjomba tu. Yuko Södertälje. Naye hajui."

"Hana simu?"

"Anayo."

"Basi."

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Nilitoboa nafasi kati ya mikunjo, nikamwona kupitia kioo cha mlango, akitembea koridoni huku na huku, simu sikioni, mkono mwingine ukichora hewani. Kisha akasimama. Akaitazama simu. Akaiweka tena sikioni, akasimama hivyo muda mrefu, kichwa chini, kama mtu anayenyolewa. Shemasi Juvénal alikuwa karibu na mlango. Nilimwona akifumba macho, midomo ikicheza, na hadi leo sijui alikuwa akiomba upande gani.

Firmin akaingia. Nyuma yangu Lars alikuwa bado amesimama na sanduku lake.

"Amekata simu," alisema.

Mama akapangusa ganda moja la karanga lililobaki mapajani.

"Halafu amepiga tena. Anauliza..." Firmin akamtazama Mzee Callixte. "Anauliza mlikuwa mmefika ng'ombe wangapi."

Mzee Callixte akafunga tena kifungo cha koti lake. Mama Olive akaburuta kiti mbele.

"Mwambie aje ajadili mwenyewe," akasema Mama. "Na wewe siku hiyo uje bila mashine."

"Bila mashine nitashika nini, Mama?"

"Mshike mjomba wako."

Nikainua kitenge ili niseme jambo, ubeti ulikuwa umeshapanda hadi kwenye ulimi, mizani zote zimetimia. Mama aliniangalia, akaweka kidole midomoni. Nikakishusha.